Uzi: Mjamzito anashika kijiti cha "kupima mwili mzima", anatoka na hofu na mfuko wa virutubisho

Mama Duka la Dawa (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wana jukwaa. Nina duka la dawa muhimu huku Mbagala ya ndani, kule ambako bodaboda akisikia jina la mtaa anaongeza bei kabla hujapanda. Wateja wangu wengi ni akina mama wenye mimba au wanaonyonyesha. Kuna jambo linajirudia mbele ya kaunta yangu kila mara, nikaona nilimwage hapa, maana kwenye magrupu ya WhatsApp ukiligusa tu unatolewa.

Anakuja binti, mimba ya kwanza, tumbo limeanza kuonekana. Ananyoosha karatasi ndefu ya kuchapisha, ina rangi nyekundu, njano na kijani. Juu imeandikwa "Ripoti ya Afya ya Mwili Mzima". Ukisoma: kalsiamu iko chini, sumu mwilini iko juu, mzunguko wa damu hafifu, mfumo wa uzazi "una shida kiasi". Hakuja kununua chochote. Amekuja kuuliza kama ni kweli vidonge vya fefo, vile vya kuongeza damu, alivyopewa kliniki ndivyo vinavyomjazia mtoto sumu, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na yule aliyempima. Ameshaviacha. Na tangu siku ile hapati usingizi.

Hiyo mashine naifahamu, imepita hapa mtaani mpaka kwenye vikao vya VICOBA. Kabla hujashika kijiti cha chuma, mwenye kompyuta anaingiza jinsia yako, umri, urefu na uzito. Halafu unashika kijiti dakika moja, mistari inacheza kwenye kioo, ripoti inatoka. Damu haikuchukuliwa, mkojo haukuchukuliwa, presha haikupimwa. Sasa niambieni, kiwango cha damu ya mtu kimejulikanaje bila tone la damu kutoka hata kidoleni? Kalsiamu imesomwa kwenye kiganja?

Lakini hoja yangu leo si mashine. Hoja yangu ni kwamba hofu yenyewe ndiyo bidhaa, na mfuko wa vidonge ni risiti yake tu. Binti yule alikwenda akiwa na wasiwasi wa kawaida wa mimba ya kwanza, akarudi na wasiwasi wenye jina, wenye rangi nyekundu, wenye asilimia. Ni kama fundi gari anayekulegezea nati kwa siri kisha anakuuliza mbona gari lako linagonga. Na dawa ya hofu hiyo anayo nani? Yeye yule aliyeitia.

Nataka tujadili hilo kwa upana: mashine, dawa za chango, maji ya upako, hijama, yote. Karibuni.

Ndevu za Tandika

Mama, umenikumbusha. Mke wangu alipelekwa na jirani kupimwa huko. Mimi nilimsindikiza, nikawa mbishi. Walipomaliza kumpima nikasema na mimi nishike, wakaniambia ni hela nyingine. Yule kijana alipotoka kupokea simu nikashika kijiti na kubonyeza palepale, taarifa zikiwa bado za mke wangu. Ripoti ikatoka. Nikaambiwa homoni zangu za kike zimeyumba na mzunguko wangu wa hedhi hauko sawa. Wakuu, mimi nina ndevu.

Mshauri wa Lishe Bora

Naona watu mmekaa kutukana riziki za wenzenu. Mimi niko kwenye biashara hii ya virutubisho na sioni haya. Kwanza, bidhaa zetu ni mimea mitupu, hazina kemikali, haziwezi kumdhuru mama wala mtoto. Pili, ushuhuda upo, akina mama waliokuwa wanaharibu mimba wamejifungua salama na picha za watoto ninazo. Tatu, na hili mama duka ulijibu bila kuruka: huyo binti akienda kliniki anakaa nje tangu alfajiri, akiingia anapimwa uzito, anafokewa kwa nini hajaja na mume, anatoka. Hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Sisi tunakaa naye saa nzima. Tunampigia simu jioni. Mnajua ni wangapi wameniambia mimi ndiye mtu wa kwanza kuwasikiliza tangu wapate mimba?

Mama Duka la Dawa

Hoja yako ya tatu naipokea kwa mikono miwili, na nadhani ndiyo ya kweli kuliko vyote vilivyosemwa hapa mpaka sasa. Mnasikiliza. Hata mimi nimewahi kumwona binti anatoka kwenu amechangamka kuliko anavyotoka kliniki. Saa moja ya kusikilizwa inatuliza moyo, hilo halihitaji ubishi. Ila kaka yangu, kilichomtuliza ni saa hiyo au ni ule mfuko? Maana saa mlimpa bure, mfuko mkamtoza laki na ushee.

Hizo mbili za kwanza hapana. Mwarobaini ni mmea. Shubiri ni mmea. Tumbaku nayo ni mmea. Na picha za watoto haziniambii kitu: mwanamke aliyepoteza mimba mara moja, mara nyingi sana inayofuata hufika salama hata akinywa maji ya kisima. Waliomeza vidonge vyako na mimba ikatoka, picha zao unazo?

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi ni muuguzi mkunga, siandiki kituo changu. Nimesoma uzi wote, nitaongea kirefu kidogo, mnivumilie.

Kaka mshauri ametusema na amesema haki. Mama akifika kliniki tunapima presha, mkojo, wingi wa damu, malaria, kaswende, VVU, tunapima kimo cha tumbo, tunamsikiliza mtoto, tunatoa SP ya kukinga malaria, fefo na sindano ya pepopunda. Nyuma yake kuna benchi zima linasubiri. Swali la "unalalaje, unawaza nini" linaliwa na foleni. Wakati Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea wajawazito karibu 16 katika kila 100 wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Hao ni akina mama wanaokaa kwenye benchi letu kila wiki na tunawapita.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu. Kuna dodoso la Edinburgh, lilitungwa 1987, maswali 10 tu kuhusu siku saba zilizopita, halihitaji umeme wala kijiti. Uingereza mkunga anatakiwa kumuuliza kila mama maswali machache kuhusu huzuni na wasiwasi tangu hudhurio la kwanza. Huku kwetu inategemea umemkuta nani zamu.

Sasa kwenye "mimea haina kemikali". Ninayoyaona mimi:

Dawa za kuongeza uchungu. Mama analetwa tumbo linabana bila kupumzika, mapigo ya mtoto yanashuka, ukiuliza amekunywa nini, ndugu wanatazamana. Baadaye bibi mmoja anakiri ni kikombe cha mizizi. Kizazi kinaweza kupasuka, hasa kama aliwahi kufanyiwa upasuaji. Mafuta ya nyonyo nayo wanamnywesha, anaharisha mpaka anaishiwa nguvu kabla ya kusukuma.

Virutubisho vya makopo. Vitamini A ya aina ya retinoli ikizidi yuniti 10,000 kwa siku inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Mama anakunywa kopo tatu tofauti, kila moja lina vitamini A, nani amejumlisha? Kuna mchanganyiko wenye mzizi wa licorice unaopandisha presha. Na mama anayetumia dawa za VVU zenye dolutegravir akibugia kalsiamu au madini ya chuma bila mpangilio, dawa yake haifyonzwi vizuri. Ndiyo maana namwambia kila mama: njoo na kopo lenyewe, sitakufokea.

La mwisho ndilo linaloniuma. Mama ana kichwa kinachopasuka, anaona vimulimuli, uso umevimba, maumivu chini ya kifua. Nyumbani wanasema mawazo hayo, au jini. Anapelekwa kusomewa. Akianza kutupa mikono na miguu ndiyo "jini limepanda". Hicho ni kifafa cha mimba, na kinaua. Presha ingepimwa mapema tungekuwa na muda wa kumpa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa hicho.

Bint Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Mkunga nakuelewa, lakini msitutie sote kapu moja. Sisi huku mimba ya kwanza mtu ana somo wake, mwanamke mzima amfundishaye na amshikaye mkono mpaka arobaini iishe. Ukihangaika usiku unamwita, anakukanda mgongo, anakwambia na mimi ilinitokea hivyo hivyo. Na kombe nimekunywa, mamangu alinipeleka kwa maalimu, aya zikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi. Sikuacha kliniki hata mara moja. Nilikuwa nalala baada ya dua. Je, hilo nalo ni utapeli?

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Hapana dada yangu, hata kidogo. Dua inayokulaza usingizi nakuombea uendelee nayo. Maalimu wako alikwambia mtoto ana sumu? Alikwambia uache fefo? Alikudai laki? Basi yeye na yule wa kijiti si watu wa biashara moja. Ningeuliza tu wino ni zafarani ya kweli au rangi ya dukani, na maji ni safi.

Na huyo somo ndiye ninayemtaka kwenye wodi yangu. Zimbabwe walianzisha mwaka 2006 kile wanachokiita benchi la urafiki: bibi wa mtaani anafundishwa namna ya kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua tatizo moja baada ya jingine, anakaa naye kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wa 2016 ulionyesha wagonjwa wa sonona na wasiwasi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ukafika mpaka Zanzibar. Pakistan nako wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kuongea na wajawazito wenye sonona kwa utaratibu maalumu, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likautoa kama mwongozo. Mtu wa kukusikiliza kwa utaratibu ni tiba iliyopimwa, wala si porojo.

Kukanda mgongo na miguu, sawa. Kukanda tumbo kwa nguvu "kumgeuza mtoto", usikubali. Kondo linaweza kuachia.

Mzee wa Ngaramtoni

Mnanikumbusha 2011. Mimi niko Arusha, niliona kwa macho magari yakipita kwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu Ambilikile. Kikombe cha dawa yake shilingi 500. Watu walitoroka wodini, wapo waliotupa dawa zao za VVU, wapo waliofia foleni. Wajawazito nao walikuwemo kwenye magari hayo, wametingishwa njia ile yote ya vumbi. Lakini tumpe Babu haki yake: 500 yake haikupanda. Hawa wa sasa wana kompyuta na tai, wanaanzia laki.

Simba Mkali

Bibi zetu walizaa watoto kumi shambani, hakuna aliyekuwa na "wasiwasi wa ujauzito". Haya magonjwa ya akili ya wajawazito yameletwa na simu na kukaa bure.

Mama Duka la Dawa

Simba, bibi yako alizaa kumi, wakakua wangapi? Muulize mama yako. Na wasiwasi walikuwa nao. Ndiyo maana mjamzito hakutajwa hovyo, alivishwa hirizi, alirudi kwao kujifungulia, alikatazwa kukaa mlangoni. Mila zote hizo zilikuwa za nini kama hakuna aliyekuwa na hofu?

Mgeni Jukwaani 27

Samahani, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nina mimba ya miezi mitano. Kabla ya hii nilipoteza moja ikiwa changa. Mama mkwe alinipeleka kwa mtaalamu wa tiba asili, akasema nina chango la uzazi na jini mahaba hataki nizae. Nimeshatoa hela ya kwanza, inatakiwa awamu ya pili na nisipotoa amesema hii nayo "itarudi". Usiku siwezi kulala, moyo unaenda mbio, kila nikienda chooni natazama kama kuna damu. Nikisikia mtoto hajacheza naanza kulia. Mume wangu anasema nijikaze. Kliniki sijaenda tangu mwezi ule kwa sababu naogopa watakachoniambia. Naombeni msinicheke.

Ndevu za Tandika

Hakuna wa kukucheka hapa dada. Mkunga, uwanja ni wako.

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Mdogo wangu, asante kwa kuandika. Pole kwa uliyempoteza.

Katika kila mimba 100 zinazojulikana, kati ya 10 na 20 hutoka zenyewe. Na zile zinazotoka mapema, karibu nusu ni kwa sababu vinasaba vya mtoto havikujipanga sawa tangu mwanzo. Hukuinua ndoo vibaya, hukukosana na jini, hukuwa na chango. Aliyekwambia hii nayo itatoka usipolipa hajui lolote kuhusu kizazi chako, anajua tu kwamba ulishaumia. Hiyo hela ya awamu ya pili nunulieni mayai na mboga.

Kesho au keshokutwa nenda kliniki. Usiogope kufokewa kwa kukosa hudhurio. Ukifokewa, kaa hapohapo, huduma ni haki yako. Waambie ulipoteza mimba. Waulize majibu ya kaswende, damu, sukari na kundi la damu. Kaswende inaharibu mimba na inatibika kwa sindano, na mumeo apimwe pia, asiseme "nijikaze" akakaa nyumbani. Mwambie mkunga maneno uliyoandika hapa, hivyohivyo: silali, moyo unaenda mbio, nachungulia damu kila saa. Moyo kwenda mbio unaweza kuwa wasiwasi, unaweza pia kuwa upungufu wa damu au tezi ya shingo, kwa hiyo upimwe, usikisiwe. Mjamzito tunataka kipimo cha wingi wa damu kisiwe chini ya 11.

Kuhusu kucheza kwa mtoto: miezi mitano bado hana ratiba, leo utamsikia kesho kimya. Kuanzia wiki ya 28 ndipo utazoea mtindo wake, na hapo akipungua kuliko kawaida yake unakuja siku hiyohiyo. Damu, maji kutoka, homa, kichwa kikali, macho kuona ukungu, hayo hayangoji kesho hata ukiwa mwezi wa ngapi.

Hali hii ikienda wiki mbili na zaidi, omba rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Najua mtu akisikia hivyo anaona geti la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Sivyo. Mara nyingi ni mazungumzo ya wiki kwa wiki. Zikihitajika dawa, zipo ambazo mjamzito anaweza kupewa, sertralini ni mojawapo, daktari akishapima faida na hatari. Na kama yupo anayesoma hapa ambaye tayari anatumia dawa za namna hiyo, asizikate ghafla kwa sababu amesikia ana mimba, aende akaonwe kwanza. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usikae peke yako, mwamshe mumeo, nendeni hospitali usiku huohuo.

Mama Duka la Dawa

Naongeza dogo la kwangu. Wengi wenye hali kama ya mdogo wetu huja kuomba valiam "ya kulalia tu". Siwapi. Hiyo inataka daktari, zaidi ukiwa na mimba. Na wanaoficha pemba, udongo wa kula, kwenye pochi, nawaona. Udongo ule una minyoo na madini mazito kama risasi, na unazuia chuma kufyonzwa. Ukiutamani sana, ujue damu yako inaweza kuwa imeshuka, kapimwe.

Mshauri wa Lishe Bora

Mimi sitishi watu hivyo. Na waganga wa tiba asili wapo kisheria, wana vyeti.

Mzee wa Ngaramtoni

Wapo, kwa Sheria Namba 23 ya 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linasajili mganga, kituo na dawa. Sasa muombe akuonyeshe vyote vitatu. Na cheti cha mganga kinasema huyu mtu anatambuliwa, hakisemi dawa yake inazuia mimba kutoka. Ungekuwa mwaminifu ungewaambia wateja wako tofauti hiyo.

Bint Mvita

Mshauri, wewe una sikio zuri. Kwa nini usiache kijiti ukawa unawasindikiza kliniki? Nauliza kwa dhati.

Mshauri wa Lishe Bora

Nani atanilipa kusindikiza watu?

Mama Duka la Dawa

Hapo umesema kweli tupu, na serikali ikusikie.

Mgeni Jukwaani 27

Asanteni sana. Nimemsomea mume wangu majibu ya mkunga. Amesema ataomba ruhusa kazini Jumatatu. Swali la mwisho: tangawizi nikichemsha kwa kichefuchefu ni mbaya? Na fefo zilinifanya choo kiwe cheusi ndiyo maana nikaogopa. Kuna dada pale kituoni alitaka nizilipie.

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Tangawizi kidogo kwenye chai haina shida, kuna tafiti zinazoonyesha inapunguza kichefuchefu, ila usichemshe rundo. Choo cheusi ni chuma kilichobaki, hakina madhara. Kama tumbo linasumbua, meza usiku, kunywa maji mengi, na fefo usimeze na chai ya majani, inazuia chuma. Chungwa au embe ni bora.

Mama Duka la Dawa

Na kwenye kituo cha serikali fefo ni bure. Anayetaka hela, ulizia mganga mfawidhi yuko chumba gani, ingieni na mumeo mseme. Zikiwa zimeisha kweli watakuandikia, dukani si ghali. Niandikie inbox nikuelekeze duka lilipo, na hayo makopo uliyopewa njoo nayo yote tuyasome.